Meno ya Anezka kwenye Mpini

Kwetu Radhost, mji mdogo wa Texas, ukipita barabara ya nyuma ya kanisa ukasikia harufu ile ya kwenye kiti cha daktari wa meno, jino linapochongwa, ulikuwa huna haja ya kuuliza. Laddie Kovar alikuwa kazini. Pembe ya ndovu ni jino tu, na ukilitia msumeno linanuka kama jino. Mkewe Albina alikuwa akifunga madirisha ya jikoni kabla hata hajasikia mashine ikinguruma, maana alisema haiwezekani mtu apike supu ya tambi huku hewa yote inanuka mdomo wa mtu.

Kazi ya Laddie ilikuwa kuvisha mipini bastola za kale. Huku Texas hakuna nyumba isiyokuwa na bastola ya babu kwenye droo fulani, na nyingi zilishapoteza vibao vya mpini, au vimeliwa na panya, au vimepasuka. Watu walimletea kutoka mbali. Na kazi yenyewe si ya mwenye haraka. Zamani zile chuma cha mpini kilisawazishwa kwa tupa mkononi mwa mtu, kwa hiyo kibao kilichokaa vizuri kwenye bastola hii hakikai kwenye ile, hata kama zimetoka kiwandani siku moja. Halafu pembe yenyewe ina tabia. Ukiipasha joto inachanika. Ukiiweka penye unyevu inavimba, penye ukavu inanywea. Laddie alikuwa na vipande vyake vya zamani, vyenye karatasi zake zote za serikali, alivyovinunua ujanani kutoka kwa mzee aliyekuwa akichonga mipira ya biliadi, na alivilaza kwenye rafu juu ya dirisha miaka na miaka vizoee hali ya hewa ya Radhost kabla ya kuvigusa. Vibao viwili vya bastola moja lazima vitoke kwenye pembe moja, mistari ile myembamba inayopishana kama wavu ifanane kushoto na kulia. Alikuwa fundi kwelikweli. Na alijijua kuwa ni fundi, na hapo ndipo mambo yalipomharibikia.

Wiki mbili kabla ya mkutano wa ukoo wa kina Sulak, Bi Hattie alikuja karakanani na kitu kimefungwa kwenye kitambaa cha gunia la unga.

Bi Hattie ndiye aliyemfundisha Laddie katekisimu utotoni, akamfinya masikio yote mawili kwa zamu. Sasa alikuwa bibi wa miaka themanini na kitu, mtoto wa jicho amemtia ukungu pande zote, lakini ulimi haukuwa na ukungu wowote.

"Laddie, mwanangu, hujambo?"

"Sijambo, Bi Hattie. Karibu. Angalia waya hapo chini."

"Nimeuona. Macho mabovu si kwamba nimekufa." Akaweka mzigo mezani, akaufungua taratibu. "Ya baba hii."

Laddie aliijua kwa kuisikia. Marehemu Frank Sulak alikuwa konstebo hapa kwetu kabla ya vita, na bastola ile alitembea nayo kiunoni hadi ala ikatoboka. Vibao vya mpini vilikuwa vya pembe, vimegeuka rangi ya siagi iliyokaa juani, vimelika pale kiganja cha mzee kilipokuwa kikilala. Kibao cha kushoto kilikuwa na ufa, umeanzia kwenye tundu la skrubu ukaenda hadi ukingoni.

"Nataka ufa huu ukamatwe usiendelee," alisema Bi Hattie. "Gundi tu. Usikitoe, usikibadilishe, usinipigie msasa wako. Kiache kama baba alivyokiacha."

"Nitakiacha kama kilivyo."

"Maana nawajua nyinyi mafundi. Mtu anakuja na jino linauma, mnamng'oa na taya."

Laddie alicheka. Akamsindikiza hadi garini kwa mpwa wake aliyemleta, akarudi ndani, na kwa siku kadhaa hakuigusa ile bastola.

Siku aliyoigusa ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa mchana wanaume wa Radhost hukutana kwenye ukumbi kucheza dhumna. Mwenziwe wa mezani alikuwa Bohus Sulak, huyo huyo mpwa wa Bi Hattie, mtu asiyependa kusubiri. Laddie akasema moyoni, ni kazi ndogo, nitatia gundi ikauke niende. Lakini ili gundi iingie vizuri kwenye ufa, ilibidi kibao kitolewe. Alikuwa ameahidi hatakitoa. Alijiambia kukitoa na kukirudisha si kukitoa.

Skrubu ilitoka kwa taabu, imekula kutu. Kibao chenyewe hakikutoka. Pembe ilikuwa imenywea miaka yote ile ikang'ang'ania chuma kama kucha. Kwa kawaida angeipa siku mbili, aweke mafuta kidogo pembeni, aiache, airudie. Siku ile alichukua kijiti cha mti mgumu, akakipitisha kwa ndani, akakigonga kwa nyundo ndogo. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili akagonga kwa nguvu zaidi kidogo kuliko alivyojua yeye mwenyewe kuwa ni halali.

Kililia kama biskuti. Vipande vitatu mezani, na unga.

Laddie alikaa akavitazama. Hakwenda kwenye dhumna. Bohus alipiga simu, "Umekufa?" Laddie akajibu, "Bado," akakata.

Sasa, wewe unayenisoma, unaweza kusema kuna ubaya gani, si angeviunga vipande vyake vitatu, akampelekea bibi, akamwambia, Bi Hattie, kimenivunjikia? Angeweza. Gundi ilikuwepo. Michirizi ingeonekana, miwili, na ule ufa wa zamani wa tatu. Lakini Laddie alikuwa hajawahi kutoa kazi yenye michirizi nje ya mlango wake. Mkono wake ulikataa kabla akili haijaulizwa. Alivitia vile vipande kwenye kikopo cha ugoro, akapanda kwenye kigoda, akashusha pembe kutoka rafuni.

Alichonga kibao kipya. Na kilikuwa kizuri, mwenyewe alikiri baadaye kwamba katika maisha yake hakuwahi kuchonga kilichokizidi. Alitafuta kipande chenye mistari inayokwenda kama ya kibao cha kulia. Alikisugua chini ya maji ili unga usiruke na joto lisipande. Alitengeneza ule mlalo wa kiganja cha mzee Frank kwa kuugusa wa zamani na kuugusa mpya, huku na huku, macho amefumba. Akakiacha ukingoni kimeshuka unywele mmoja chini ya chuma, maana pembe ya zamani hunywea, na asiyejua hilo hujulikana mara moja. Kisha akakichovya kwenye chai nzito.

Albina aliingia kuchukua sufuria yake.

"Unapika chai au unapika mpini?"

"Napika mpini."

Akachungulia. Akakiona kikopo cha ugoro kiko wazi, vipande ndani. Albina si mtu wa kuambiwa mara mbili. Hata mara moja hakuambiwa.

"Mzee. Cha Bi Hattie hicho?"

"Kilivunjika."

"Kilivunjika chenyewe?"

Laddie akakoroga chai.

"Mwambie," alisema Albina. "Mwambie leo, kabla chai haijapoa."

"Nitamwambia baada ya mkutano wao. Mwache afurahi na wageni wake kwanza."

"Ahaa. Kwa hiyo ni kwa ajili yake." Akachukua sufuria ikiwa na chai ndani na kila kitu, akamwaga vyote kwenye beseni la mumewe la kutilia rangi, akaondoka na sufuria yake.

Kitu kimoja tu hakukinakili. Kwenye kibao cha zamani, karibu na sehemu ya chini, palikuwa na vishimo viwili vidogo, vimekaa ubavu kwa ubavu. Laddie aliviona. Akavichukulia kuwa ni alama za kupigia misumari ya waya. Wafugaji wa zamani, nao kina Frank, walizoea kugeuza bastola wakapigia misumari ya uzio kwa kitako, na kila fundi wa mipini amelaani tabia hiyo. Mlalo wa kiganja ni umri, alisema moyoni, umri nauheshimu. Vishimo ni uharibifu. Fundi hatengenezi uharibifu. Akaviacha, kibao kikabaki laini kama yai.

Bi Hattie alipokuja kuchukua, alikileta karibu na pua yake, upande wa dirisha, akakitazama kwa lile jicho lililo afadhali.

"Ufa hauonekani hata!"

"Nimefanya nilivyoweza, Bi Hattie."

"Na rangi ile ile. Nilikuwa naogopa utaning'arishia." Hakuushika mpini. Katika ukoo wao bastola ya baba haichezewi. Inafungwa kwenye kitambaa chake hadi siku yake. Akaifunga. Laddie akakataa malipo, na bibi akamgombeza, kisha akamwekea mezani boksi la kolachi, vile vijimkate vitamu vya kwetu, alizooka asubuhi ile, zile za jamu ya aprikoti, bado zina joto. "Basi kula. Mkono uliofanya kazi hii ulishwe."

Alipoondoka, Laddie aling'ata moja, akairudisha kwenye boksi. Akazipeleka zote kwa kuku wa jirani, halafu akaona aibu mbele ya kuku.

Siku zile alizidi kuwa mkimya. Misa ya kati ya wiki aliikwepa kwa sababu Bi Hattie hukaa kiti cha tatu, na lazima umpite ukienda kupokea komunyo. Alijiambia ni jambo dogo. Pembe kwa pembe. Kizuri kwa kilichovunjika. Nani ameumia? Alikuwa akijiuliza hivyo kwa kurudiarudia, na mtu asiye na hatia hajiulizi swali moja kutwa nzima.

Ijumaa iliyotangulia mkutano wa kina Sulak, alijikokota hadi kwenye dhumna. Bohus alikuwa na furaha, anabwaga mawe mezani kwa kishindo.

"Jumapili uje, Laddie. Shangazi anasema umeitengeneza bastola ya babu kama malaika. Kuna nyama ya ng'ombe, nimeanza kuiloweka mwenyewe. Na huyo mkwe mpya kutoka Dallas tutamwapisha."

"Kumwapisha vipi?"

"Kwa Anezka, si unajua."

"Sijui."

Bohus akaweka mawe yake chini. "Umekaa Radhost miaka sitini hujui Anezka? Mdogo wake shangazi. Alikuwa anaota meno, analia usiku kucha, na babu hakuwa na pesa ya kumnunulia kile kiduara cha pembe ambacho watoto wa matajiri walikuwa wakitafuna. Basi akatoa risasi zote, akampa mpini wa bastola. Pembe si pembe? Mtoto akatulia. Akaung'ata hadi akauacha alama, meno yake mawili ya chini. Kisha ikaja dondakoo majira yale ya baridi, ikamchukua. Picha hawakuwahi kupiga. Nguo zilichomwa, wakati ule daktari aliamuru kila kitu kichomwe." Akajikuna shingo. "Kwa hiyo kila mwaka bastola inazungushwa. Kila mtu anatafuta vile vishimo kwa kidole gumba, akivipata anasema jina lake. Wakwe nao. Ukishamgusa Anezka wewe ni Sulak. Aa, cheza bwana, ni zamu yako."

Laddie aliangalia mawe yake asiyaone madoa.

"Mbona umekuwa mweupe kama jiwe lisilo na doa?" alisema Bohus. "Una mawe mabaya kiasi hicho?"

Jumamosi alfajiri alikuwa mlangoni kwa Bi Hattie. Bibi alikuwa na unga hadi viwikoni, trei zimepangwa hadi juu ya kitanda cha wageni.

"Bi Hattie, ile skrubu. Nahisi sikuikaza vizuri. Nipe niitazame."

"Una bidii wewe, utadhani hukuwa yule mtoto aliyeniwekea chura kwenye mkoba. Iko kabatini. Kesho kabla ya misa niwe nayo."

Hakumuuliza neno lingine. Laddie akatoka na bastola kwapani na uongo wa pili juu ya ule wa kwanza, na huo wa pili ulikuwa mzito zaidi, maana alikuwa amekuja kwa nia, na nia haikuwa ya kuungama.

Alikuwa amekuja kutengeneza meno.

Alikifunga kibao kipya kwenye jiliwa, katikati ya vipande viwili vya ngozi. Akafungua kikopo cha ugoro, akatoa kipande chenye vishimo, akakiweka chini ya kioo cha kukuzia. Sasa aliviona. Kimoja kilikuwa na kina kuliko mwenzake, kimelala kidogo upande. Jino moja lilikuwa limetangulia kutoka. Kati yao palikuwa na mkwaruzo mwembamba, pale mtoto alipoteleza akarudia. Na kingo zote zilikuwa laini, zimelainishwa na vidole gumba vya watu wote waliotamka jina lile tangu majira yale ya baridi.

Alichagua chuma chembamba. Alijua pa kukiweka. Alijua nguvu ya kutia, na ule mlalo, na jinsi ambavyo baadaye angesugua kingo kwa ngozi na jivu hadi zionekane zimeguswa na watu wa vizazi vinne. Asingegundulika. Bi Hattie angepitisha kidole chake pale, na angemkuta mdogo wake, na angelia machozi ya kweli juu ya chuma cha Laddie Kovar.

Alikaa ameshika kile chuma, ncha imegusa pembe. Kushindwa hakukumtisha. Kilichomtisha ni kwamba angeweza.

Albina alisimama mlangoni na kikombe cha kahawa. Akakiweka kikombe juu ya benchi, mbali na kazi, akaondoka. Wala hakuifunga milango ya jikoni kwa kishindo kama alivyozoea akikasirika, na Laddie akaona afadhali angefanya.

Akakirudisha chuma kwenye ndoano yake. Akatoa kibao kipya kwenye jiliwa. Kisha akachukua gundi na vile vipande vitatu, akaanza kuviunga, na kwa mara ya kwanza tangu aanze ufundi hakutumia unga wa pembe kuficha viungo. Michirizi ilikaa wazi, miwili mipya na ufa wa zamani, kama mito kwenye ramani. Alikifunga kwa uzi wa pamba kikauke.

Jumapili alimkuta Bi Hattie kwenye benchi nje ya ukumbi wa parokia, kabla kengele ya misa haijalia, amevaa gauni la maua, mkoba mapajani. Harufu ya nyama ya Bohus ilikuwa imeshaenea.

"Umekaza skrubu?"

Laddie akamwekea bastola mkononi, ingali kwenye kitambaa chake. "Bi Hattie, shika mpini."

"Si hapa, mpaka—"

"Shika, tafadhali."

Bibi akafungua kitambaa. Kidole gumba chake kikaenda chenyewe, kikashuka, kikakuta vishimo, kikatulia. Midomo ikatikisika bila sauti. Halafu kidole kikasogea, kikakuta mchirizi. Kikaufuata. Kikakuta wa pili.

"Haukuwa na michirizi wiki iliyopita," alisema.

"Wiki iliyopita hakikuwa chenyewe. Nilikivunja, Bi Hattie. Uliniambia nisikitoe, nikakitoa kwa haraka, nikakivunja. Nikakuchongea kingine, nikakupa, nikakuacha unishukuru. Na jana nilikudanganya tena. Nilitaka..." Akagusa mfuko wake. "Nilitaka kuyachonga na meno."

Bi Hattie hakumtazama. Kwa macho yale hata angemtazama asingemwona vizuri, lakini Laddie aliona wazi kwamba hakutaka.

"Kiko wapi hicho kingine?"

Akakitoa mfukoni, akamwekea kiganjani. Bibi akakipapasa kote, taratibu, mlalo wa kiganja cha baba yake, ukingo, mpaka chini kulipokuwa laini.

"Kizuri," alisema. "Kizuri kupita cha baba." Akamrudishia. "Hakina mtu ndani."

Kengele ikalia. Alinyoosha mkono ashikwe kuinuka, na mkono alioutaka ulikuwa wa Bohus, aliyekuwa ametoka ukumbini kumchukua, si wa Laddie.

Laddie alitaka kwenda nyumbani. Alikuwa ameshafika kwenye gari lake baada ya misa Bohus alipomfuata. "Shangazi anasema uingie."

"Kasema nini hasa?"

"Kasema, mwambie yule mvunja vitu asinikimbie."

Alikaa meza ya nyuma na sahani ya nyama asiyoigusa. Baada ya chakula bastola ikatolewa, ikazungushwa mkono kwa mkono. Wazee kwanza. Kila mmoja kidole gumba, kisha, "Anezka." Wapo waliosita walipokutana na michirizi, wakamtupia jicho Bi Hattie, naye akakaa kama jiwe. Ikafika kwa mkwe mpya wa Dallas, kijana mrefu mwenye buti mpya mno. Akatafuta, akapata, akasema jina kwa aibu, ukumbi ukapiga makofi. Kisha, kwa kuwa alikuwa mgeni na hakujua lipi huulizwa na lipi huachwa, akauliza kwa sauti, "Na hii mistari? Nani alikivunja?"

Bi Hattie akageuza uso wake wenye ukungu kuelekea meza ya nyuma, akangoja.

Laddie akasimama. Kiti kikakwaruza sakafu.

"Mimi," alisema.

"Mlete hapa," akasema Bi Hattie. Laddie akaja hadi mbele ya bibi, na bastola ikawekwa kati yao. "Weka kidole. Sio kwenye kazi yako. Chini yake."

Akaweka. Vilikuwa vidogo mno, kidole cha mtu mzima kilivifunika vyote viwili.

"Anezka," alisema Laddie.

Hakuna aliyepiga makofi.

Kolachi za Bi Hattie hazikuja tena karakanani mwaka ule, wala uliofuata. Lakini kila mwaka mkutano wa kina Sulak ukikaribia Bohus humwambia kwenye dhumna, "Unatakiwa," na Laddie huenda. Siku hizi hadithi ya bastola imeongezeka kipande: Frank aliinunua, Anezka akaing'ata, halafu msimuliaji anakatiza hapo, na mkwe yeyote mpya anauliza nani alikivunja. Laddie husimama nyuma ya ukumbi na kujibu. Kile kibao kizuri kipo rafuni juu ya dirisha, kati ya pembe ambazo bado hazijachongwa, na wateja wanaokiona humuuliza ni cha bastola gani. Huwaambia hakina bastola.